Dk. Livingstone: Moshi wa mboji, jiwe la Mugere na safari ya kurudi nyumbani

JUMAMOSI moja jioni nilikaa na kaka yangu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Bujumbura, mahali wanapochoma mukeke. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Uvira. Kaka alikuwa na siku nne tangu awasili kutoka Glasgow, huko Uskoti, mji aliopelekwa kutokea kambini na ambako amelelea watoto wake. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na chupa ya kijani iliyofungwa kwa fulana ili isivunjike njiani.

Mhudumu alileta glasi mbili na barafu. Kaka akamrudishia barafu, akaomba kijiko cha chai na chupa ya maji. Nilidhani ni maringo ya Ulaya. Alimimina kidogo, kiasi cha kufunika kitako cha glasi, akaniambia nisinywe kwanza bali ninuse, tena huku mdomo umefunguka kidogo ili ukali wa kileo usinichome pua.

Nikanusa. Ndugu msomaji, niliyemwona pale ni baba yangu.

Baba alikuwa mchimbaji wa mboji kwenye mabonde ya nyanda zetu za juu. Kwa wasioijua, mboji ni udongo mweusi wa mabwawani, uliotokana na majani yaliyooza nusu kwa maelfu ya miaka chini ya maji. Ukikatwa kama matofali na kukaushwa juani, huwaka kama kuni. Hapa kwetu tumezoea kuuita tourbe kwa Kifaransa, na tangu mwaka 1977 lipo shirika la umma, ONATOUR, lililoundwa kuuchimba. Kambi za jeshi na magereza yamepikia chakula kwa moto wake miaka mingi. Baba aliporudi nyumbani mwisho wa wiki, koti lake lilinuka moshi ule mzito, wenye utamu kidogo na harufu kama ya dawa. Tulikimbia mwaka 1993. Baba alifia kambini Mtabila, wilaya ya Kasulu, mwaka 1999, akazikwa huko huko. Tangu hapo sikuwahi kunusa harufu ile, mpaka ilipotoka kwenye glasi ya Mskoti.

Kinywaji chenyewe

Kaka alinieleza, na baadaye nikasoma mwenyewe. Wiski ya aina hii huanza na shayiri. Huloweshwa, ikaachwa ichipue, yaani iwe kimea, kama mama zetu wanavyofanya na mtama kabla ya kupika impeke. Kisha kimea kile hukaushwa. Huko visiwani Uskoti, hasa kisiwa cha Islay, miti ni michache na mboji ni nyingi, basi wenyeji walikaushia kwa moto wa mboji. Moshi huingia kwenye punje na hautoki tena. Kimea husagwa, huchachushwa, halafu huchemshwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba ili mvuke wake upozwe uwe kileo. Kwa sheria yao, hakiitwi wiski mpaka kikae ndani ya pipa la mwaloni si chini ya miaka mitatu. Ile ya kaka ilikuwa Laphroaig iliyokaa miaka kumi. Kiwanda hicho kilianza mwaka 1815.

Jambo la pili ni nguvu yake. Wiski nyingi hutiwa maji kabla ya kufungwa kwenye chupa, zikashushwa hadi asilimia 40 au zaidi kidogo. Ile yetu ilitoka kwenye pipa ikaingia kwenye chupa bila kupunguzwa, na karatasi yake ilisoma asilimia 57 na ushee. Zamani Waingereza walipima kileo kwa kukimwagia baruti na kuiwasha. Ikiwaka, pombe ilihesabiwa kuwa ya kweli na ilitozwa ushuru wake. Kipimo hicho ni kama asilimia 57. Wafanyabiashara wa mpakani mtanielewa upesi, kwani hapa kwetu nako kuna watu wanaowashia kiberiti kanyanga kwenye kijiko. Tofauti ni kwamba kanyanga imepigwa marufuku, na kuwaka kwake hakukuambii kama kuna sumu ndani.

Nikaonja tone. Ulimi uliwaka, kisha moto ukatulia, ukaja moshi, chumvi kama ya upepo wa bahari, harufu ya hospitali, na mwisho utamu wa mbali kama wa ndizi iliyoiva sana. Kaka akatia maji nusu kijiko. Ajabu, maji hayakuuzima moshi, yaliufungua. Kwa joto la Bujumbura, harufu ilipanda haraka hadi meza ya jirani wakageuka. Tulikula mukeke wa makaa, tukaonja tena. Moshi wa samaki na moshi wa mboji vilipatana kama ndugu.

Lakini hatukuwa tumekuja kustarehe tu. Kulikuwa na neno kati yetu. Kaka alitaka mifupa ya baba ifukuliwe Kasulu na kuletwa mlimani kwetu. Mama hakutaka. Mimi niliyerudi mwaka 2012, kambi ilipofungwa, nilikuwa katikati. Na asubuhi ya siku ile kaka aliniomba nimpeleke Mugere, kilomita chache kusini mwa mji, akaone jiwe la Livingstone na Stanley. Anaishi karibu na Blantyre, mji aliozaliwa Livingstone, na nyumba yake ya utotoni ni makumbusho. Basi pale ufukweni, badala ya kugombana, tulianza kusimuliana habari za yule mzee. Nami nawaletea, kwa sababu zilitusaidia.

Mtoto wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre, kando ya Mto Clyde. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Babu yake alikuwa amehamia pale kutoka kisiwa kidogo cha Ulva, upande wa magharibi, baada ya maisha ya huko kuwa magumu. Kwa hiyo hata huyu mtu tunayemwona kama mzungu mkubwa wa vitabuni alikuwa mjukuu wa mhamaji aliyeacha kilima chake akaenda kutafuta kazi ugenini.

Akiwa na miaka kumi, mwaka 1823, aliingia kiwandani kuunga nyuzi zinazokatika. Kazi ilianza saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, na alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine ili asome mstari mmoja mmoja kila alipopita.

Mwaka huo huo wa 1823, bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyobadili biashara ya wiski. Kabla ya hapo ushuru ulikuwa mkubwa mno, na Waskoti wengi walipika kwa siri milimani na kusafirisha usiku kwa farasi, wakiwakimbia maofisa wa forodha. Sheria mpya ikapunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10. Baada ya miaka michache, wengi waliokuwa magendo wakawa wenye viwanda halali. Wenzangu wa Gatumba, Kobero na Mugina, hilo mlitafakari wenyewe.

Livingstone hakuwa mtu wa kileo. Baba yake, muuza majani ya chai wa kutembeza, alikuwa mpinzani mkali wa pombe, na mwana alifuata njia hiyo. Kwa maelezo yake mwenyewe alikaa zaidi ya miaka ishirini bila kugusa kileo. Nilipomwambia kaka hilo, akacheka akasema kwa lugha yetu kwamba basi sisi tunamnywea sehemu yake.

Safari zilizompa jina

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari Glasgow. Alitaka kwenda China kama mmisionari, lakini vita vya kasumba vikafunga njia hiyo. Akapata cheti cha udaktari mwaka 1840 na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli kuelekea Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa uliunga vibaya. Msomaji aukumbuke mfupa huo, tutaurudia. Mwaka 1845 akamwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari.

Kati ya 1853 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda upande wa Atlantiki hadi Quelimane upande wa Bahari ya Hindi, kwa miguu na mitumbwi, akiwa na wapagazi wa Kikololo. Novemba 1855 aliona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya akayapa jina la malkia wake. Kitabu chake cha mwaka 1857 kilimfanya maarufu na kumpa fedha.

Lakini safari ya pili, ile ya Mto Zambezi kuanzia 1858 hadi 1864, ilikuwa ya majonzi. Mto haukupitika kama alivyoahidi. Wenzake wakagombana naye. Mary, ambaye kwa miaka aliachwa Uingereza na watoto bila makazi ya uhakika, alimfuata na kufa kwa homa Shupanga mwaka 1862. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba katika miaka ile ya upweke alikuwa ameanza kutafuta faraja kwenye chupa. Sisi tuliokaa kambini tumewaona wengi wa namna hiyo, wanaume na wanawake, na hatuna la kumhukumu. Nataja kwa sababu makala inayosifia ladha ya kileo bila kutaja gharama yake haiwi ya kweli.

Siku mbili Mugere

Mwaka 1866 alirudi mara ya tatu, akipitia Unguja, kutafuta chimbuko la Mto Nile na kueleza dunia ubaya wa biashara ya watumwa. Mapema 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Aliugua, meno yakang'oka, na mara nyingi aliponywa na kulishwa na misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, watu wa biashara ile ile aliyoichukia. Julai 1871 alishuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe, Kongo, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Akaondoka akiwa amevunjika moyo. Alipofika Ujiji, akakuta mtu aliyekabidhiwa bidhaa zake ameshaziuza zote. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kumwachia mwenzake mzigo ng'ambo ya mpaka anajua alivyojisikia.

Ndipo akatokea Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Alikuwa na chupa ya shampeni aliyoibeba kutoka pwani pamoja na vikombe vya fedha. Mzee yule asiye mtu wa kileo alipokea kikombe akanywa. Kaka alisema hapo ndipo anapompenda: kuna kinywaji ambacho unakipokea kwa sababu ya aliyekibeba na umbali aliotoka.

Wapo wanaowaambia wageni kwamba wawili hao walikutana mara ya kwanza Mugere. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi pamoja kuja kaskazini mwa ziwa. Jiwe la Mugere, lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871, linaonyesha walipolala usiku mara mbili kwa Mwami Mukamba. Walikuja kwa swali moja: Je, Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungetoka, ziwa letu lingeweza kuwa chimbuko la Nile. Walifika mdomoni mwa mto, wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Swali likaisha.

Livingstone akageuka kurudi kusini. Lakini chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote iko hapa hapa Burundi, Rutovu, kwenye milima aliyoiona upande wa mashariki, mahali ambapo piramidi ndogo ilijengwa mwaka 1938. Ilikuwa mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka alipolala. Yeye akaenda kuitafuta mamia ya kilomita mbali, na huko ndiko alikofia. Stanley alimsihi warudi wote Uingereza. Alikataa. Waliagana karibu na Tabora Machi 14, 1872, na hakuna mzungu mwingine aliyemwona akiwa hai.

Mzigo wa Chuma na Susi

Alfajiri ya Mei 1, 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Waliokuwa naye ni Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Hakuna aliyewaamuru. Walikaa wakashauriana wao wenyewe, wakaamua mwili urudi kwao.

Moyo na matumbo waliyazika chini ya mti wa mpundu. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, na brandi kidogo wakaiweka mdomoni na kwenye nywele ili usiharibike. Nilipofika hapo nilitazama glasi yangu. Mtu aliyekwepa kileo maisha yake mengi alisindikizwa na kileo katika safari ya mwisho.

Walimfunga kwa kaniki na gome la mti, wakabeba. Huko Tabora walikutana na ofisa Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Walikataa. Mbele zaidi wakasikia kwamba wenyeji hawatakubali maiti ipite kwao. Basi wakajifanya wameirudisha nyuma kuizika, kumbe wameifunga upya ionekane kama mtumba wa nguo, wakaupitisha pamoja na mizigo mingine. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. London, daktari aliutambua mwili kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba. Alizikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874. Kati ya waliombeba, Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekuwepo mazishini. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kaburi likiwa limeshafunikwa.

Uamuzi wa mama

Kaka alisema historia hii inampa haki: kama wageni wasio wa damu walimbeba mtu miezi tisa, sisi tunashindwaje kumvusha baba mpaka wa Manyovu, safari isiyomaliza siku? Mimi nikamjibu kwamba hata wao waliacha moyo pale alipokufa, na hakuna anayesema walikosea. Chupa ilikuwa imepungua vidole viwili tu. Kinywaji cha nguvu hiyo si cha kumaliza kwa kikao kimoja, na tuliifunga.

Kesho yake tulikwenda kwa mama. Yeye hanywi. Kaka alimimina matone machache kwenye kikombe akamwomba anuse tu. Mama alikishika kwa mikono miwili, akanusa, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema hilo ni koti, wala hakutaja ni la nani. Akaomba aachiwe kikombe.

Jioni alitupa uamuzi. Mifupa isiguswe, kwa sababu majirani waliomzika baba walimzika kwa heshima, wakiwa na njaa wenyewe. Lakini kaburi lipate jiwe lenye jina na mwaka, kama lile la Mugere, kwani mtu asiye na jiwe husahaulika. Na udongo wa kaburi, kiasi cha kujaza kikombe kile, uletwe mlimani siku ya kuganduka, ambayo hatukuwahi kuifanya. Kaka alikubali. Aliinamisha kichwa, na nilimwona akifuta macho.

Tutavuka Manyovu pamoja kabla hajarudi Glasgow. Nimeongea na mzee mmoja wa Kasulu anayekumbuka mpangilio wa makaburi, na ameahidi kutupokea. Kilichobaki kwenye chupa kimewekwa juu ya kabati la mama, kikingoja siku hiyo. Kila mmoja atapewa kidogo, na maji nusu kijiko.